Kompyuta ya Mpiga Mbizi: Ipi Italifaa Ziwa Letu?

Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi nimezaliwa papa hapa Port Victoria. Usiku nasikia mawimbi nikiwa kitandani, na kila asubuhi nikija shuleni (sisi wa shule ya kutwa hatuna kengele ya bweni ya kutuamsha) napita kando ya akina mama wanaoanika omena. Hata hivyo, mpaka likizo ya Agosti mwaka jana sikujua kwamba maji haya yana hesabu yake, na kwamba hesabu hiyo si ile ya Mombasa. Kwa hivyo katibu wa Chama cha Kiswahili aliponitaka niandike makala ya kueleza jambo la sayansi kwa lugha yetu, sikuhangaika kutafuta mada. Mada ilishakuja nyumbani mikononi mwa baba mdogo.

Baba mdogo ni mvuvi. Pia ni mmoja wa wale wanaoitwa mbio kila mtumbwi unapopinduka. Hana kifaa chochote. Hujifunga kamba kiunoni, akavuta pumzi, akazama, huku mwenzake ameshika ncha ya kamba mtumbwini. Pumzi ikimwishia hurudi juu, akatweta kidogo, akazama tena. Huko chini haoni kitu, maana mto Nzoia hutuletea tope, basi hutafuta kwa kupapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

Mwaka juzi upepo ulipindua mtumbwi wa wavuvi wa omena. Watatu waliokolewa, wa nne hakuonekana. Mama yake alikaa mchangani siku nne. Mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea uji, na kila jioni niliurudisha kikombe kikiwa kimejaa. Siku ya nne ziwa lenyewe lilimrudisha mwanawe. Baba mdogo alikuwa amezama mara nyingi mpaka masikio yakamtoka damu, asimpate. Tangu siku hiyo kamati ya ufuo, ile tunayoiita BMU, ilianza kuchanga pesa za kununua vifaa vya kuzamia.

Shida hii si yetu peke yetu. Mnamo tarehe 29 Septemba 2019, gari lililokuwa na mama na binti yake liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, Mombasa, likazama. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58. Kina hicho ni kirefu mno, kwani wanaozama kwa kujifurahisha huambiwa wasipite mita 40. Huku ziwani, feri ya MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018, na zaidi ya watu 200 wakafa. Lakini siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa mhandisi wa feri hiyo akiwa hai. Alikuwa amejificha mahali palipobaki hewa ndani ya chombo. Naam, mpiga mbizi mwenye vifaa hatafuti maiti tu. Mara nyingine huokoa roho.

Basi Agosti hiyo mfadhili mmoja alikuwa ameipa kamati mitungi miwili ya hewa na vifaa vyake, vimetumika lakini vizima. Kilichokosekana ni kompyuta ya kuzamia. Baba mdogo akaja na karatasi tatu zenye picha na maelezo ya Kiingereza. Akaziweka mezani akasema, "Mwanangu, wewe unasoma Fizikia. Kamati inataka hii ya bei rahisi. Nisomee uniambie kama itatufaa."

Nilicheka kidogo. Mimi msichana ambaye hata mtumbwini sipandishwi, leo ndiye niulizwe habari za kwenda chini ya ziwa! Lakini nilipomtazama usoni niliona hana mzaha. Atakayevaa kifaa hicho ni yeye.

Kompyuta hii ni kitu gani?

Usifikirie ile kompyuta ya ofisini. Hii ni kama saa kubwa ya mkononi. Ndani yake mna kipimo cha presha (vitabu vya Kiswahili huiita kanieneo), mna saa, na mna akili ndogo ya kupiga hesabu. Kazi yake ni kumwambia mpiga mbizi yuko kina gani, amekaa muda gani, abaki na dakika ngapi, na apande kwa mwendo gani.

Kwa nini kuwe na dakika za kuhesabiwa ilhali hewa bado imo mtungini? Mwalimu wetu wa Fizikia alinieleza kwa chupa ya soda. Chupa ikiwa imefungwa huoni hata kiputo kimoja, ingawa gesi imeshindiliwa humo. Fungua ghafla, pssss! Viputo vinafoka mpaka mezani. Mwili wa mpiga mbizi ndio chupa hiyo. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa karibu asilimia 78. Mtu akipumua hewa ya mtungi huku maji yakimgandamiza, naitrojeni hiyo huyeyuka ndani ya damu na nyama za mwili. Kadiri anavyokwenda chini na kadiri anavyokaa, ndivyo inavyozidi. Akipanda polepole, inatoka taratibu kupitia mapafuni. Akipanda mbio, viputo vinafoka ndani ya mwili wake. Viungo humuuma, miguu hufa ganzi, anaweza kupooza au hata kufa.

Baba mdogo akanikatiza. "Mbona mimi nimezama miaka ishirini na sijapooza?" Swali zuri! Jibu ni kwamba yeye huenda na pumzi moja tu aliyoivuta juu, akakaa chini muda mfupi. Mwenye mtungi hupumua chini dakika hata hamsini, kila pumzi ikiongeza naitrojeni. Tena kuna jambo ambalo mzoefu wa pumzi moja ni lazima alisahau kabisa: kubana pumzi. Aliyepumua hewa ya mtungi akiwa mita 10 chini, kisha akabana pumzi na kukimbilia juu, hewa iliyo mapafuni mwake hutanuka zaidi ya mara mbili. Mapafu hupasuka. Hili baba mdogo hakulijua, na nilimwona akinyamaza.

Aliyeanza kulifanyia jambo hili hesabu kamili ni Mskoti John Scott Haldane. Aliwafanyia mbuzi majaribio ndani ya chumba cha presha, na mwaka 1908 akachapisha majedwali ya kuwaongoza wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Miaka mingi watu walitumia majedwali kama hayo, yaani unasoma kina, unasoma dakika, basi. Tatizo ni kwamba jedwali huhesabu kana kwamba ulikaa kwenye kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Anayetafuta mtu aliyezama hafanyi hivyo. Hushuka, akapanda, akasogea, akashuka tena, mara kadhaa kwa siku moja. Kompyuta humfuata kila anapokwenda na kukumbuka naitrojeni iliyobaki mwilini kutoka safari ya kwanza. Miongoni mwa za kwanza kuuzwa na kupendwa ni ile iliyoitwa Edge, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1983.

Ziwa letu liko mlimani

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya. Ukisimama kwenye ufuo wetu unaona maji mpaka upeo wa macho, unadhani uko chini kabisa ya dunia. La hasha! Ziwa Victoria liko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo hewa inayotukalia kichwani ni nyepesi. Tukisema presha ya Mombasa ufuoni ni 1, ya kwetu ni kama 0.87.

Mtu atasema, si ndiyo nafuu hiyo? Presha ikiwa ndogo kuna ubaya gani? Ubaya uko kwenye kurudi juu. Hebu tupige hesabu pamoja, chukua kalamu. Mpiga mbizi wa Mombasa akiwa mita 18 chini, presha yake ni karibu 2.8. Akirudi juu anakuta 1. Yaani imepungua mara 2.8. Wa Port Victoria akiwa mita 18 chini, maji yasiyo na chumvi yanamwongezea kama 1.74, na hewa 0.87, jumla 2.61. Akirudi juu anakuta 0.87. Gawanya: imepungua mara 3. Chupa yetu ya soda inafunguliwa kwa nguvu zaidi. Ili mtu wa Mombasa apate mara 3 ni lazima ashuke mpaka mita 20.

Kwa hiyo mita 18 zetu ni kama mita 20 zao. Kwenye jedwali la PADI, chama kinachofundisha watu wengi kuzamia duniani, mita 18 zimepewa dakika 56, na mita 20 zimepewa dakika 45. Tofauti ni dakika 11. Mpiga mbizi wa ziwani anayetumia hesabu ya bahari anadhani bado ana dakika 11 za kukaa, kumbe zimeshakwisha. Ndiyo sababu vitabu vya kuzamia husema kwamba maji yoyote yaliyo juu ya mita 300 yahesabiwe kama maji ya mlimani. Daktari Albert Bühlmann wa Zurich, Uswisi, nchi yenye maziwa mengi ya milimani, ndiye aliyeichunguza sana hesabu hii, na mpaka leo kompyuta nyingi zinatumia kanuni zake.

Mambo ya kuangalia unapochagua

Kwanza, je, kifaa kinajua kwamba kiko mlimani? Zipo kompyuta zinazopima hewa na kujirekebisha zenyewe. Zipo nyingine ambazo ni lazima uzipange kwa mkono. Kwa mfano, katika kompyuta kadhaa za kampuni ya Suunto ya Finland utakuta ngazi tatu: A0 ni kutoka baharini hadi mita 300, A1 ni mita 300 hadi 1,500, na A2 ni 1,500 hadi 3,000. Sisi tumo katika A1. Ukiiacha kwenye A0, kifaa kitakudanganya kwa uso mkavu kabisa, tena si kosa lake, kosa ni lako. Vilevile mgeni atokaye Mombasa asiruke kutoka garini hadi majini. Mwili wake uzoee hewa yetu kwa angalau saa tatu.

Pili, ipangwe kwa maji yasiyo na chumvi ikiwezekana. Hili si la hatari sana. Kifaa kilichopangwa kwa chumvi kitasoma mita 19 na nusu pale ulipo mita 20. Lakini anayeandika mahali maiti au wavu ulipo anataka kina cha kweli.

Tatu, maandishi yawe makubwa na taa yake iwe ya kutosha. Picha za kwenye karatasi hupigwa katika maji maangavu ya bahari. Kwetu sisi wa mdomo wa Nzoia, kifaa kisichosomeka kikiwa karibu na pua hakina faida.

Nne, kilio cha onyo kiwe kikali. Mtu akipanda zaidi ya mita 9 au 10 kwa dakika, kifaa kimpigie kelele. Kimkumbushe pia kusimama dakika tatu akiwa mita 5 kabla ya kutoka.

Tano, betri. Hili watu hulidharau. Kuna kompyuta ambazo betri yake hubadilishwa na fundi wa kampuni tu, na kuna ambazo unafungua mwenyewe kwa sarafu. Betri ipatikane Busia au Kisumu. Ya kungoja kutoka ng'ambo itakuta maiti imeshajileta yenyewe.

Sita, kila mtu awe na yake. Wawili hawawezi kutumia moja, hata wakishikana mikono. Mmoja akiwa mita mbili chini ya mwenzake, hesabu zao si sawa. Wala usiazime ya aliyezama asubuhi ukazame nayo mchana, kwa sababu inakumbuka mwili wake, si wako.

Kuhusu bei, za kawaida huanzia karibu dola 200 za Marekani, ambazo ni zaidi ya shilingi 25,000. Zile zinazosoma pia hewa iliyobaki mtungini hupita hapo sana. Kwetu kipimo cha kawaida cha mtungi kingetosha.

Karatasi tatu

Tukarudi kwenye karatasi za baba mdogo. Ile ya bei rahisi, iliyopendwa na kamati, niliisoma mara mbili nisiamini macho yangu. Ilikuwa saa ya wanaozama kwa pumzi moja. Inapima kina na dakika, haihesabu naitrojeni hata chembe. Ni kama kumnunulia dereva saa ya ukutani ukidhani ni kipima mwendo. Ya pili ilikuwa kompyuta kamili, ila imeshatumika, na betri yake ni ya kupelekwa ng'ambo. Ya tatu ilitimiza yote sita. Lakini pesa za kamati zingenunua moja tu, na wapiga mbizi ni wawili.

Baba mdogo alinichukua mpaka kwenye mkutano wa kamati, nikawasomea yote haya nikitetemeka. Ndipo nikataja jambo lililonisumbua zaidi. Aliyepatwa na ugonjwa wa viputo hupewa oksijeni, kisha hutibiwa katika chumba maalumu cha presha. Vyumba vya namna hiyo tunavisikia pwani, si hapa ziwani. Ili ufike huko kwa barabara ni lazima upande milima. Ukipitia Eldoret utavuka Timboroa, takriban mita 2,700. Hewa ya huko ni nyepesi zaidi, na viputo vitazidi kutanuka njiani. Hata mzima aliyezama hashauriwi kupanda juu upesi. Shirika la Divers Alert Network humtaka mtu angoje angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, au saa 18 akizama mara nyingi, ndipo apande ndege. Na hewa ya ndani ya ndege ya abiria si nyepesi kushinda ya Timboroa. Maana yake ni kwamba kwetu sisi kinga ndiyo dawa. Hakuna nyingine.

Kamati ilizozana mpaka jua likatua. Mwisho ilikata shauri: wanunue ile ya tatu, moja kwanza, na wawili hao wapelekwe mafunzoni. Na mpaka kompyuta ya pili ipatikane na mafunzo yamalizike, mtungi usiingie majini.

Mwezi wa Oktoba mvulana mdogo alizama akiogelea. Baba mdogo aliingia na kamba yake kama zamani, mitungi ikiwa imefungiwa ofisini. Alimpata baada ya saa tatu, amekufa. Jioni hiyo mzee mmoja alinisimamisha njiani akaniambia, "Karatasi yako ndiyo iliyotuzuia." Sikuwa na la kumjibu. Nilimwamkia nikapita, na usiku sikulala.

Asubuhi nilimwuliza baba mdogo kama tulikosea. Alikuwa anashona wavu. Alisema, "Yule mtoto mtungi usingemrudisha. Nisingeijua hiyo hesabu, pengine jana mngetutafuta wawili." Kisha akaniomba nimwonyeshe tena mahali pa kubonyeza ili kifaa kisome A1. Nikamwonyesha. Akarudia mwenyewe mara tatu.

Wenzangu, siku hizi mchango wa kompyuta ya pili unaendelea, na daftari liko kwa katibu wa kamati ya ufuo. Mwenye shilingi hamsini asione haya. Na wewe uliyezoea kuuliza darasani "Fizikia itanisaidia nini?", njoo ufuoni jioni moja. Kalamu yangu naiweka hapo.